Pembesita ya Mwalimu wa Ruiru

Mwalimu wetu wa hesabu pale Ruiru alikuwa na suti moja, bikari moja ya mbao ya kuchorea ubaoni, na sifa nyingi ambazo alijipa mwenyewe. Ungemsikia akiongea ungedhani hesabu ilizaliwa kwao.

Alipenda sana kutufundisha pembesita. Unachora duara, kisha bila kubadilisha upana wa bikari unaitembeza juu ya mstari wa duara hilo, hatua sita, na ya sita inarudi ulipoanzia. Ukiunganisha alama kwa rula, unapata umbo la pande sita zilizo sawa. Yake haikurudi hata siku moja. Skrubu ya bikari ilikuwa imelegea, miguu ikawa inatanuka kila alipoigeuza. Kuikaza hakuikaza. Aliifuta alama ya mwisho kwa mkono wa koti, akaichora palipomfaa. Sisi tukikosea kidogo, tulichapwa.

Siku moja akaja mkaguzi kutoka Thika, mzee mmoja mpole. Mwalimu akachora. Likabaki pengo la vidole viwili, na mbele ya mgeni hakuthubutu kufuta.

"Pembesita za kuchora kwa mkono huwa hivi, bwana," akasema. "Haziwezi kufunga kabisa."

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mama yangu mchuma kahawa, na sikuwa na desturi ya kumbishia mtu mzima. Lakini nikainua mkono.

"Inafunga, Mwalimu."

Mkaguzi akaniita mbele. Bikari ile sikuigusa. Nilifungua uzi wa katani niliofungia vitabu vyangu, nikaufunga kwenye chaki, ncha ya pili nikaikandamiza ubaoni kwa kidole gumba. Nikachora duara, kisha nikapima hatua juu yake kwa uzi ule ule, na ya sita ikaangukia pale pale nilipoanzia.

"Nani amekufundisha?" mkaguzi akauliza.

"Ni mimi," mwalimu akajibu kabla sijafungua mdomo, akitabasamu kama mtu anayepokea zawadi.

Nikanyamaza. Kunyamaza huko kunaniudhi hadi leo kuliko fimbo zake zote.

Muhula uliofuata akapandishwa cheo, akapelekwa Thika kufundisha walimu wenzake. Siku ya kumuaga alituhutubia kirefu, juani, kuhusu usahihi. Mwalimu mkuu alimpigia makofi. Nami nilipiga, polepole, nikimtazama usoni, na yeye akaniitikia kwa kichwa, ameridhika.