Fidla Yenye Mafua

Juzi pale Malaba basi letu la Kampala lilizuiwa forodhani kwa sababu ya fidla moja. Tulikuwa na wanamuziki wanne wa ule muziki wa Kizungu wa nyuzi, na orodha ya mizigo yao ilitaja fidla mbili, viola moja na selo moja, ile kubwa inayopigwa ikiwa imesimamishwa sakafuni. Karani akahesabu kwa kidole.

"Fidla ni tatu. Moja ni ya magendo."

"Mzee, hiyo si fidla, ni viola," akasema mwenye nayo, msichana wa rika langu. Jioni ile mwalimu mmoja wa muziki angemsikiliza Kampala, aamue kama atakwenda kusoma Ulaya. "Ni kubwa kidogo, na sauti yake ni nzito."

"Hata ndugu yangu ni mkubwa kidogo, lakini ni mtu kama mimi. Hii inabaki hapa."

Dereva wa lori akapaza sauti nyuma ya foleni: "Boss, si apige tusikie!"

Msichana akapiga fidla ya mwenzake kwanza, kisha viola yake. Karani aliinamisha kichwa, akatega sikio.

"Ee, hii iko na mafua," akasema, na akaandika hivyo hivyo: fidla mbili nzima, moja yenye mafua. Akagonga mhuri.

Miaka saba ya kujifunza, jamani, na serikali inamwandikia mafua! Nilifungua mdomo nimweleze karani. Msichana akanishika mkono.

"Dada, wacha. Nyumbani mpaka leo wanasema napiga fidla. Huyu angalau amesikia tofauti."

Nikamsaidia kuirudisha fidla yenye mafua ndani ya basi.