Mkate Uliofunikwa

Kwenye maduka ya vyakula vikavu ya mtaa wa Yide Lu, hapa Guangzhou, China, uyoga hutungwa kwenye uzi kama shanga. Leo harufu yake imenirudisha jikoni kwa bibi mmoja aliyetundika uyoga vivyo hivyo, katika mji mkongwe wa Urusi wenye nyumba za magogo.

Tulikuwa tumesafiri kutoka Guangzhou, alikofanya kazi baba, kwenda kumwona bibi huyo aliyempangisha chumba enzi za uanafunzi wake. Ilikuwa Ramadhani, na theluji ilinifika magotini.

Bibi alitupokea mlangoni na mkate mweusi wenye kibakuli cha chumvi juu yake.

“Mega kidogo,” baba alimnong'oneza mama. “Kwao, mgeni akikataa mkate huu amewatukana. Nasi wasafiri, ruhusa ipo.”

“Nimeshanuia, Baba Watoto. Mwambie ukweli.”

Baba alisita, kisha akamwambia. Bibi aliitazama midomo mikavu ya mama, akasema maneno marefu. Baba akacheka.

“Anasema hata mimi nilimsumbua hivihivi, mwezi mzima.”

Bibi alinimegea mimi, mtoto nisiyefunga, kipande, akaufunika mkate kwa kitambaa, akaketi na mama dirishani. Hawakuwa na lugha moja. Nilipotafuna, wote wawili waliniangalia.

Jua la baridi huzama mapema huko. Lilipopotea nyuma ya makanisa, bibi aliufunua mkate. Mama alitoa tende mkobani, na ya kwanza akampa bibi.

“Mwambie ale,” alimwambia baba. “Naye hajatia kitu kinywani tangu tufike.”