Mfumo Hauonyeshi Kitu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo uso unaniwaka. Hata mama yako hajui yote. Nakuandikia wewe kwa sababu jana ulinipigia simu ukilalamika kwamba seva uliyokabidhiwa kazini inaandika mno, diski inajaa, ukaniuliza kama si bora uzime logi zote, hizo kumbukumbu inazojiandikia, upumzike. Nilicheka nikasema nitakujibu. Sikucheka kwa furaha, nilikuwa natafuta pa kujificha.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimetoka chuo, na pale Rusumo mpakani nilitembea kana kwamba mimi ndiye niliyeleta umeme. Kampuni yetu ya uwakala wa forodha ilikuwa ndogo. Ofisi ilikuwa juu, kando ya barabara ya malori, na mwenzetu mmoja alikaa chini karibu na daraja. Karani wa ofisini akimaliza nyaraka za gari, alimpigia simu yule wa darajani, naye akaliita gari lipite. Mimi nikawatengenezea mfumo. Karani anabonyeza "tuma", ujumbe unapita kwenye seva yangu, unamtokea wa darajani kwenye kompyuta yake. Simu zikakoma, bosi akafurahi, nami nikavimba kichwa.

Karani mwenyewe alikuwa Mama Devota, mwanamke mpole, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi na kuweka makazi Murusagamba, naye alizaliwa hapa hapa, lakini unawajua watu: kukitokea jambo, wa kwanza kutazamwa ni yule ambaye babu yake alikuja na mzigo kichwani. Alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa tisini na sita. Kila gari alilolitolea taarifa aliliandika humo kwa mkono: namba ya gari, saa aliyotuma, jina la aliyepokea. Nilimkuta analiandika hata baada ya mfumo kuanza kazi.

"Mama, hilo la nini tena?" nikamwambia mbele ya wenzake. "Mfumo unakumbuka wenyewe. Acha mambo ya kizamani."

Alitabasamu, akafunga daftari, akalitia kwenye mkoba. Hakuandika humo tena. Naomba ulishike hilo, nitalirudia.

Sasa, mfumo wangu kweli ulikuwa unakumbuka, mwanzoni. Niliupangia uandike kila kitu: ujumbe ulioingia, uliotoka, uliokataliwa. Lakini skrini ya seva ilikuwa mezani kwangu, imeelekea mlangoni, na kila bosi alipopita aliona mistari ya manjano ya maonyo. "We kijana, haya manjano ni nini tena?" Mara nyingi yalikuwa maneno yale yale: ujumbe umekataliwa, saa yake bado haijafika. Nilijua yametoka wapi. Niliandika sheria kwenye programu kwamba ujumbe ukija na saa iliyo mbele ya saa ya seva, utupwe, maana kompyuta za ofisini zilikuwa na tabia ya kupotea saa. Nikadhani ni kelele tu. Nilifanya nini? Sikutafuta chanzo. Niliingia kwenye mipangilio nikashusha uandishi mpaka chini kabisa, programu isiandike onyo wala taarifa, iandike tu siku ikizimika yenyewe. Kesho yake skrini ilikuwa safi kama sahani ya Pasaka. Bosi akapita, akasimama, akasema, "Siku hizi mfumo umetulia." Nikasema ndiyo. Niliona haya ya mistari ya manjano, mwanangu, na kwa kuikimbia haya ndogo nikaitengenezea njia iliyo kubwa.

Likaja lori la vifaranga, wale wa siku moja, wanapelekwa ng'ambo, wamepangwa kwenye maboksi ya matundu. Nyaraka zilikamilika asubuhi. Mama Devota akabonyeza "tuma", akaona tiki ya kijani, akaendelea na gari lingine. Darajani hakikufika kitu. Dereva akiuliza, anaambiwa nyaraka bado. Anapanda ofisini kuuliza, anaambiwa zimeshatumwa, rudi darajani. Jua lilikuwa kali, na lori lilikaa kwenye foleni siku nzima mpaka kesho yake mchana. Yalipofunguliwa maboksi, vifaranga wengi walikuwa wamekufa. Dereva alileta boksi moja ofisini akaliweka juu ya meza ya Mama Devota.

Bosi akatuita sote: mimi, Mama Devota, makarani wawili, na dereva akiwa amesimama mlangoni.

"Nilituma," Mama Devota akasema. "Niliona tiki."

Bosi akanigeukia. "Mfumo unasemaje?"

Nikaenda kwenye seva, nikafungua faili la logi, nikalisogeza juu na chini kama mtu anayesoma. Lilikuwa tupu. Nikarudi nikasema, "Mfumo hauonyeshi kitu."

Basi. Sikuongeza neno. Katika maneno yale hamna hata moja la uongo, na bado sijawahi kusema uongo mbaya kuliko ule. Nilijua kwa nini mfumo hauonyeshi kitu. Nilijua ungekuwa mtupu hata kama angetuma mara mia. Karani mmoja akanong'ona kwamba watu hawa wana mambo yao na madereva, labda alikuwa anangoja apewe kitu kwanza. Nilimsikia. Niliangalia viatu vyangu.

Mama Devota akafungua mkoba wake, akatoa lile daftari, akapekua mpaka ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Ulikuwa wa siku ile niliyomcheka. Baada ya hapo ni mistari mitupu. Akalifunga. Hakunitaja. Jioni ile aliondoka na vitu vyake kwenye mfuko wa rambo, na mimi nilikunywa chai yangu kama kawaida.

Miezi ilipita. Siku moja karani mpya alikuwa msibani, nikakaa mimi kwenye kiti chake. Nikatuma ujumbe kwa mikono yangu, nikaona tiki ya kijani kwa macho yangu, na darajani hakikufika kitu. Mwanangu, nilitoka jasho nikiwa kivulini. Nilirudisha logi zote siku ile ile. Kila ujumbe nikaupa namba yake tangu mezani kwa karani, na kila hatua uliyopita niliandika namba hiyo, ili niufuate mguu kwa mguu mpaka unapopotelea. Haikuchukua hata siku tatu. Ule wa tatu kupotea niliufuata: umetoka mezani saa nne na dakika tano, umefika kwenye seva, na seva inaamini ni saa tatu na dakika tano. Saa yake bado haijafika. Umetupwa; ile tiki ya kijani ilisema tu kwamba umetoka mezani.

Kila mtu wa Rusumo anajua kwamba ng'ambo ya mto saa iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikidaka mnara wa ng'ambo inabadilisha saa bila kukuuliza. Watu wakipanga kukutana huulizana kwanza, "Saa ya kwetu au ya ng'ambo?" Mimi ni mzaliwa wa Bugarama, huku huku mpakani, swali hilo nimeuliza maisha yangu yote. Seva yangu ilikuwa inachukua saa kutoka kwenye modemu ya laini ya simu, na mtandao wa huku ukilegea, modemu ilikuwa inadaka mnara wa ng'ambo. Sikuwahi kuiuliza seva yangu inasoma saa ya wapi. Na ile mistari ya manjano niliyoizima ilikuwa inaniambia jambo hilo kila siku.

Nilimwambia bosi, tukiwa wawili, mlango umefungwa. Akasema yaliyopita yamepita, rekebisha tu. Nakiri kwamba moyo wangu ulishuka kwa raha. Nilikaa na raha hiyo wiki mbili, halafu ikanishinda, nikapanda pikipiki kwenda Murusagamba.

Nilimkuta uani anapepeta maharage. Nikamsalimu, "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba, akanionyesha kigoda, akaendelea na kazi. Kabla sijaanza, watoto wawili walipita njiani na ndoo za maji, mmoja akaita, "Mama Vifaranga, habari za kazi!" Aliita kwa adabu kabisa, kama anayelitaja jina la mtu. Nikaelewa kwamba lilikuwa limeshakuwa jina lake.

Nikamweleza yote. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Siku ile ulijua kwamba nilituma?" akauliza.

"Hapana, mama. Sikujua."

"Ulijua kwamba hujui?"

Nikasema ndiyo.

"Ego," akasema, ndiyo ile ya kwao, taratibu sana. "Basi hilo ndilo ungesema. Nisingekudai zaidi ya hilo." Akaendelea kupepeta. Halafu akasema, "Hapa usiniombe msamaha. Hapa hukunikosea. Kaseme pale pale uliposemea, na watu wale wale wakiwepo."

Ilinichukua muda kumpata yule dereva, lakini nilimpata. Nilisimama mbele ya bosi, makarani wote na dereva, nikasema nilizima logi kwa kuogopa kuulizwa, na Mama Devota alituma. Bosi alimwita Mama Devota arudi kazini. Hakurudi. Na jina lile, mwanangu, halikufutika. Mpaka leo ukienda Murusagamba ukauliza nyumba ya Mama Devota, wapo watakaokuuliza, "Yule Mama Vifaranga?" Nililosema ofisini lilibaki ofisini. La kwanza lilishatembea.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili. Diski ikijaa, nunua nyingine, au hamisha logi za zamani, au zifute kwa mpango unaoujua. Punguza maneno ya seva ukishayasoma na kuyaelewa, usiyapunguze kwa sababu yanakuaibisha. Saa iandike pamoja na mahali ilikotoka. Kila ujumbe upe namba utakayoufuata nayo. Ukimkuta mama mtu mzima ana daftari lake, usilicheke. Na siku utakayoitwa mbele ya watu uulizwe mfumo unasemaje kuhusu mtu fulani, nawe unajua ulizima, sema "nilizima, sijui." Yatakuuma siku moja tu. Mimi yangu yananiuma mpaka leo.

Mungu akupe macho ya kusoma hata yale usiyopenda kuyaona kwenye skrini yako, akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na jina la mtu likikaa mikononi mwako, alilinde litoke humo likiwa lile lile alilopewa na wazazi wake.