Mdundo Niliomnyima Baba

Ipo siku moja nisiyoisahau, Mwanangu, na kwa kuwa umekuja kuniaga uende kusomea ubongo kwa kompyuta kama nilivyosoma mimi, nitakusimulia kabla hujafunga begi lako. Ni siku Mama Neema, jirani yetu hapa Nangara, alipomrudisha baba yangu nyumbani amemshika mkono. Alimkuta mtaa wa Maisaka, anauliza watu shamba lake la Singe liko wapi. Shamba alilolilima tangu mimi sijazaliwa!

Mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga wakati huo. Babati, mji wetu huu, imefanywa makao makuu, basi kila mahali ni greda na vigingi vya wapima viwanja. Njia za miguu alizozizoea mzee zilizibwa na kuta za watu. Kwanza nikadhani ni hilo tu. Baadaye nikamwona anatafuta kofia iliyo kichwani mwake, ananiuliza mama kaenda wapi, na mama tulishamzika.

Na mimi ndiye mtaalamu, eti! Nilikuwa nimerudi likizo na kompyuta yangu, naandika tasnifu kuhusu hipokampasi, kile kipande kidogo cha ubongo kinachotunza kumbukumbu na kutujulisha tuko wapi. Seli zake hurushiana ishara kwa mdundo. Mimi niliziunda kwa hesabu ndani ya kompyuta, nione mdundo huo unazaliwaje. Panya wa maabara akitembea, mdundo mmoja hupata nguvu, akitulia, unalegea. Lakini hizo ishara za kutembea zilinisumbua mno, kila nikiziingiza hesabu zinavurugika. Nikaziondoa. Nikaweka mdundo wa kudumu niliouchagua mwenyewe, grafu zikanyooka, nikajisifu.

Baba alichungulia nukta za zile seli zikiwaka na kuzima kwenye kioo cha kompyuta. "Hawa wanakwenda wapi?" akauliza.

"Hawaendi popote, baba. Nimewatuliza ili niwaelewe."

Akaguna tu.

Alipopotea Maisaka, nikanunua kufuli la geti. Nikamwekea kiti barazani, redio, na chai ya maziwa. Sikutaka agongwe na lori. Nia ilikuwa njema, nakuapia. Akasimama getini akitikisa mnyororo. "Na mimi umenituliza, Tere?" Nikamjibu kwa ukali kwamba akipotea ni mimi nitakayehangaika. Mama Neema akanijia juu: "We Tere, huyu ni mzee wa watu, si kuku! Kama unaogopa atapotea, si utembee naye?" Nikasema nina kazi. Na kazi yenyewe ni kutafuta jinsi kiumbe anavyojua njia. Jamani!

Sisemi kutembea kungemponya. Ugonjwa ule hauna huruma, na hakuna hesabu yangu ambayo ingeuzuia. Lakini asubuhi zile alizoniomba twende Singe, angali ananijua, mimi nilizitumia kunyoosha grafu. Hizo ndizo zinazoniuma hadi leo.

Likizo ilipoisha, nilitoka chumbani nimevaa nguo za safari. Baba akainuka kitini, akavua kofia, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama," akasema, kwa Kiswahili.

Mwanangu, baba hakuwahi kusema nami Kiswahili nyumbani. Yote niliyokusimulia aliyasema kwa Kiiraqw chetu. Kiswahili kilikuwa cha ofisini, cha kuongea na wakubwa wasiomjua. Akadhani sikusikia, akarudia, kwa woga kidogo. Nikamjibu marahaba. Baba yangu mzazi! Akashukuru, kisha akaniuliza kama mimi ndiye mwenye ufunguo, maana anataka kwenda shambani kwake.

Nilifungua. Basi likaniacha, nikaenda naye Singe, naye akanionyesha mipaka yote kama anavyoonyeshwa mgeni. Tuliporudi alinieleza kwamba ana binti, msomi sana, ila kazi zimemzidi. Alinisifia huyo binti njia nzima, nami nilikuwa naitikia tu huku machozi yananitoka.

Nasaha yangu basi ni hii. Utakapounda ubongo wako wa hesabu, utalazimika kuondoa mengi, maana kompyuta haibebi yote. Ondoa, ila uandike ulichoondoa, na usijidanganye kwamba hakikuwapo. Ukishainuka kwenye kompyuta, usimpunguze mtu ili akuwie rahisi. Mzee wako akisema twende, vaa viatu uende naye, hata kama hesabu haijaisha. Hesabu itakungoja, yeye hatakungoja.

Nenda, Mwanangu. Mungu akupe akili ya kuhesabu na miguu ya kusindikiza. Na wazazi wako wakuite kwa jina lako mpaka siku yao ya mwisho.