Betri Iliyokwenda Msibani

Mwenye duka aliniuliza swali rahisi nami nikashindwa kulijibu. Ni msichana wa rika langu, mjukuu wa mzee wa Kihindi aliyefungua duka lile la vifaa vya umeme katikati ya Mwanza kabla sisi wawili hatujazaliwa. Nilimweleza kwamba nimepata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya mtu kukaa nyumbani kwake akazungumza na wenye leseni wenzake walio mbali, bila malipo wala matangazo. Redio ninayo. Ninachokosa ni pawa saplai ya kuilisha umeme. Akaweka vitu vitatu juu ya kaunta.

"Ya transfoma, ya swichi, au betri. Dada, unachukua ipi?"

Wewe unayenijua ungedhani nilifurahi. Mimi ni mtu wa kuuliza volti, ampea, joto na kelele. Chuoni walinikwepa kwenye vikundi vya majadiliano kwa sababu sikubali jambo mpaka nilione limefunguliwa skrubu. Lakini nilipoinua ile ya transfoma, uzito wake ukanikaa viganjani kama jiwe la kusagia, na mikono ikakumbuka kabla ya kichwa. Sikuwa tena dukani. Nilikuwa Igogo, nyumbani kwa babu.

Nyumba ya babu ilibanwa na majabali pande tatu, na upande wa nne ilikuwa na mteremko uliokuonyesha ziwa lote. Asubuhi ilinuka dagaa waliokuwa wakianikwa huko chini, na kuni mbichi, na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo bibi alivipika na karanga tukanywea chai. Kazi yangu ilikuwa kupandisha maji kutoka bombani na kufuta vumbi kwenye redio. Babu alikuwa amestaafu kazi ya mitambo ya redio kwenye meli za ziwani, na hakuweza kuishi bila kuzungumza na mtu aliye mbali. Kila siku baada ya chai alizungumza na mwalimu mmoja wa kisiwani, mwenye leseni kama yake. Katika kisiwa hicho ndipo mama yangu alipokuwa muuguzi wa zahanati. Minara ya simu ilikuwa bado haijafika huko. Kwa hiyo mama yangu, kwa sehemu kubwa ya utoto wangu, alikuwa sentensi moja mwishoni mwa mazungumzo ya watu wazima: "Muuguzi mzima, anawasalimu." Mwisho wa mwezi ndipo alipokuja mwenyewe, kwa boti ya mbao yenye injini, viatu mkononi.

Sasa utaelewa kwa nini suala la pawa saplai halikuwa mchezo kwetu. Babu alianza na ya transfoma. Ilikuwa kimya upande wa redio, lakini umeme wa mtaani ukipungua nguvu, sauti ya mwalimu ilikatika katikati ya neno, nami nikabaki na nusu ya salamu ya mama. Akashawishiwa kununua ya swichi, nyepesi kama kitabu. Hiyo ilikuwa na kelele. Ndani ya spika ulisikia kama mahindi yanayokaangwa, na mwalimu akazama humo. Akairudisha dukani bila hasira. Kisha mgao wa umeme ukaanza, na hata ile ya transfoma ikawa pambo tu. Ndipo akaleta betri ya lori, nyeusi, imebebwa na watu wawili wanaohema.

Bibi aliitazama ikiwekwa karibu na kitanda. "Umeniletea mke mwenza?"

"Ni ya kituo," babu alisema, akimaanisha redio yake.

"Hata kupika hajui, huyu."

Alipiga mdomo lakini magadi yake ya kuivishia maharage ndiyo tuliyotumia kusafishia zile ncha mbili za betri zilizoota unga mweupe. Babu aliipima maji kila wiki, akaifunika gunia safi. Habari zikaenea. Wakaja kuiazima wapenzi wa mpira, wakaja wa harusi, wakaja wa sherehe ya kipaimara. Wote aliwakatalia kwa adabu. "Hii ni ya kituo." Mimi nilijivunia. Nilidhani hatimaye tumepata chanzo cha umeme kisichokatika.

Sikuwa nimehesabu msiba. Kwetu, msiba hauombi, unachukua. Viti, sufuria, jembe, taa. Mtu hasemi ninacho kimoja tu. Ijumaa moja jioni alifariki mume wa jirani yetu wa chini, mama muuza dagaa, baada ya kuugua muda mrefu. Umeme haukuwapo. Vijana wawili wakapanda mteremko.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Poleni sana."

"Tumeagizwa betri. Ya taa na spika."

Babu aliitazama betri, akamtazama bibi. Kisha akalivua lile gunia yeye mwenyewe. "Msiilaze. Ina asidi."

"Babu, kesho si mama anasafiri?" nilisema. Bibi akanifinya paja, nikanyamaza mpaka vijana wakatokomea. Ndipo nikalipuka. Kwa nini asiwaambie? Kwa nini wasichukue taa ya chemli? Nani aliyepanga kwamba maiti inahitaji umeme kuliko mtu aliye hai?

"Kitu kikiingia msibani hakidaiwi mpaka matanga yaanuliwe," bibi alisema. "Ukikidai, umewaambia wafiwa wamalize kulia haraka. Haya, kalale."

Asubuhi radi ikapiga. Kama unalijua ziwa letu unaijua ile rangi: si nyeusi, ni kama chuma kilichotoka motoni kikapoa. Bibi alifunika kioo kwa kanga, akafudikiza sufuria zinazong'aa, akauchomoa waya wa antena na kuutupa nje ya dirisha. Nilimuuliza kioo kina kosa gani. "Wewe," alisema, "siku moja utamuuliza Mungu leseni yake iko wapi." Lakini hakucheka. Sote tulijua boti ya kisiwani huondoka alfajiri, na kwamba alfajiri ile, kabla ya upepo, anga lilikuwa safi kabisa.

Mvua ikapita. Ngurumo zikahamia mbali, upande wa Magu. Ikawadia saa ya mwalimu. Babu akakaa mbele ya redio isiyo na umeme, akavaa vile visikilizio vyake, akazungusha kitufe. Nakuapia hakuna kitu kilichowahi kunitisha kama kumwona mtu mwenye akili timamu akisikiliza kitu kilichozimwa. Michembe ikapoa. Bibi alikuwa akifagia mahali palepale.

"Twende tukaichukue," nilisema. "Ni yetu."

Babu alizungusha kitufe tena. Alikaa vile kwa muda ambao mpaka leo sijausamehe, kisha akasimama, akavaa koti lake la misibani, akaikunja ile antena ya waya na kuiweka mfukoni, akaifunga redio kwa shuka.

"Unakwenda wapi?" bibi aliuliza.

"Kuhani."

"Na hiyo redio?"

"Nayo inakwenda kuhani."

Bibi alichota mchele kwenye bakuli, akajitanda kanga, tukashuka watatu.

Chini ya turubai wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yaliyolowa, wanawake wanapika maharage, na spika inaimba kwaya kwa umeme wa betri yetu. Kando ilisimama pikapu iliyouleta mwili kutoka hospitali, na ambayo mchana ingeupeleka Magu kuzikwa. Msemaji wa msiba, mtu mnene mwenye sauti kubwa, alimwona babu na furushi lake.

"Mzee wetu, leo kuna mechi gani hata redio tumeletewa msibani?"

Wachache wakacheka.

"Mwanangu yuko ziwani," babu alisema.

Kicheko kikafa. Kila mtu akageuka kuangalia maji. Kisha sauti ikatoka kwenye mkeka wa wafiwa, ikiwa imekauka kwa kulia.

"Zimeni hiyo spika. Mimi wangu nimeshajua alipo. Na yeye ajue wa kwake."

Alikuwa mama muuza dagaa. Kwaya ikakatika. Waya mmoja wa antena ukafungwa kwenye jabali nyuma ya choo; mwingine aliushika kijana aliyesimama juu ya pipa na mti wa turubai mkononi. Betri ilikuwa imewasha taa usiku kucha, na babu aliwaeleza watu kama mtu anayeomba radhi: kusikiliza kunakula umeme kidogo, kusema kunakula sana. Akataja herufi za leseni yake, akaita. Kila aliposema, sindano ya mita ilianguka na mwanga wa redio ukafifia. Akaita tena. Mikwaruzo. Akaita tena.

"Nakupata," mwalimu alisema, mbali sana. "Waliondoka alfajiri, kabla ya mvua. Boti siioni kutoka hapa. Nisubiri, nashuka ufukweni."

Mwanga wa redio ukapungua, ukawa wa rangi ya chai, ukazimika.

Nilikuwa na umri wa darasa la tatu, nami niliwachukia wote. Nilimchukia babu kwa adabu yake, bibi kwa methali zake, kwaya kwa kuimba usiku kucha, na marehemu kwa kufa Ijumaa. Ulisikika mchemko wa maharage na bati likidondosha maji. Hakuna aliyethubutu kusema pole, kwa sababu pole ingekuwa jibu.

"Dereva," msemaji alisema taratibu, "sogeza gari."

Dereva akashika kichwa. "Jamani, betri yangu yenyewe ni ya kumwomba Mungu. Ikiisha hapa, marehemu halali Magu leo."

Wote wakamtazama mfiwa. Naye akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Tangu nimjue, yule mwanamume hakuwahi kuwahi popote," alisema. "Atasubiri."

Sijui kama kile walichofanya wanawake wale kilikuwa kicheko au kilio. Pikapu ikarudishwa nyuma hadi kwenye meza, nyaya zikavutwa kutoka chini ya boneti. Injini ikiunguruma, redio ilipiga tik-tik-tik juu ya kila kitu. "Zima," babu akasema. Dereva akazima kama anayefumba macho ya mtu. Kimya. Kisha sauti ya mwalimu ikaja, anahema, anaita, na huenda alikuwa ameita kwa muda mrefu.

"...wamerudi. Narudia, wamerudi. Waliona wingu wakageuza, wakajibanza nyuma ya mawe upande wa pili. Ndio wanaingia. Muuguzi nimemwona kwa macho yangu. Amelowa chapachapa. Ameshika viatu mkononi."

Bibi alikaa chini palepale kwenye tope. Babu akabonyeza kitufe: "Nimekupata. Asante. Mwambie leo asisafiri." Akaizima redio papo hapo, asile zaidi umeme wa marehemu.

Pikapu, bila shaka, haikuwaka. Ilipofika saa ya kuondoka, jeneza likiwa nyuma na mfiwa amekaa mbele, wanaume wote wakaliegemea gari, babu na koti lake katikati yao, wakalisukuma kuteremka mlima. Lilishika karibu na barabara, likatoa moshi mweusi. Mwanamke mmoja akajisahau, akaanza kigelegele, akajiziba mdomo kwa kanga.

Betri haikudaiwa. Ilirudi matanga yalipoanuliwa, na juu yake bakuli la dagaa lililofunikwa. Bibi alilipokea akasema mke mwenza amerudi kutoka matembezini, na safari hii amekuja na mboga.

Sipendi watu wanaosifu zamani, na sitaki uniweke kundini mwao. Zamani ile haikuwa na simu wala maboya ya kujiokolea, na kama mama angekufa, desturi nzuri ya majirani isingemfufua. Sasa amestaafu, simu hailali mbali na mto wake, na nikichelewa kupokea ananigombeza. Nashukuru. Lakini babu alipofariki, tulikodi kila kitu. Lilikuja gari lenye viti, turubai, jenereta na spika kubwa kuliko kabati, na jioni ileile likaja kuvichukua, kwa sababu kulikuwa na msiba mwingine unavingoja. Hakuna jirani aliyebeba hata kijiko. Nilisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza bibi: kitu kisichoazimwa kinawafanyaje watu wajue kwamba upo?

"Dada?" mwenye duka aliniita. "Ya swichi siku hizi wametengeneza vizuri, haina kelele. Au hii betri ya lithiamu. Nyepesi, unaificha hata kabatini."

Nilimuuliza kama anayo ya lori.

"Ya lori? Nzito hiyo. Utabebaje?"

"Inabebwa na watu wawili," nilisema.

Ninaishi Ilemela, kwenye mtaa wa kuta na mageti. Betri nimeiweka barazani, kwenye kivuli, nimeifunika gunia safi. Naipima maji kila wiki. Imejaa. Mwezi uliopita palikuwa na msiba nyumba ya tatu kutoka kwangu na umeme ulikatika. Nikalivua gunia, nikakaa nikingoja hodi. Baadaye nikasikia jenereta lao likiunguruma nyuma ya ukuta.

Nikalirudisha gunia. Kisha nikachota mchele kwenye bakuli, nikajitanda kanga, nikaenda kugonga geti lao.