Sare ya Harusi ya Dada Yake

Mtu wa Unguja akikwambia kwetu hakuna ubaguzi, muulize nani kaoa kwa nani. Atakutajia ndoa moja ya zamani, kisha atakukaribisha chai. Mimi nimezaliwa Mpendae. Baba yangu alikuwa seremala aliyetoka bara akiwa kijana, mama ni wa huko huko Mpendae, na rangi yangu ni hii hii mnayoijua. Rafiki yangu alikuwa Mwarabu wa Mji Mkongwe. Tulikuwa wasichana wa kidato cha tatu, dawati moja, na miaka yenyewe si ya kale: kila mtu alikuwa na simu ya kupigia picha, na kila mtu alikuwa anajiita mstaarabu.

Tukitoka skuli tulipita Forodhani tukala urojo bakuli moja, vijiko viwili. Vijana wa kwao walimwuliza anatafuta nini kwa golo, neno ambalo babu zao waliwaitia watumwa. Vijana wa kwetu waliniuliza mimi kama yule ndiye bi mkubwa wangu. Yeye aliwatukana wote bila kuchagua. Alikuwa na mdomo mchafu kuliko mwanamume yeyote wa mtaa wake, nami nilimpenda kwa hilo.

Kwao sikuwahi kuvuka ukumbi. Nilimwamkia mama yake, "Shikamoo, Bi," akanijibu "Marahaba" macho yakiwa kwenye simu, nami nikabaki pale karibu na mlango mpaka mwenzangu ateremke. Kwetu nako hakukuwa na afadhali. Mjomba, ndugu wa mama aliyekuwa akikaa nasi, alikuwa na chuki yake mwenyewe na aliitunza vizuri. Siku rafiki yangu alipokuja, mjomba alibeba kiti akakaa nje juani mpaka mgeni alipoondoka. "Huyo atakula kwako," aliniambia, "lakini wewe kwao hutokalishwa mkekani. Hutokalishwa abadan."

Basi dada yake alipoposwa, nikaona siku ya kumziba mdomo mjomba imefika. Harusi zetu ni sare. Mama wa bibi harusi na ndugu zake wana kitambaa chao, wasichana wa rika la nyumba wana chao, na kwa kitambaa tu unajua nani anakaa wapi. Rafiki yangu alikuwa ameniahidi kwamba siku hiyo nitakaa ubavuni pake.

Akaniletea skuli, kwenye mfuko wa karatasi. "Sare yako hii, shoga," akasema, akaukimbilia mlango kama aliyeitwa. Kilikuwa kitambaa cha pamba, buluu yenye vimaua vyeupe. Nilikiona chepesi kidogo kwa harusi ya watu wale, lakini furaha ilinifumba macho. Mama akanipeleka kwa fundi mzuri kuliko wote Mpendae. Tukatia lesi shingoni, mikono ya kuvimba, na mkanda wenye ua kiunoni. Mama alinigeuza mbele ya kioo, akanigeuza tena. Mjomba alitazama kutoka mlangoni, akasema tutaona.

Nilifika mchana, akdi ya ndoa imeshapita. Uani mikeka imetandikwa na wasichana wamekaa duara, wote wamevaa kitambaa cha rangi ya waridi kinachong'aa. Nikajiambia labda wasichana wana sare mbili. Nikatafuta buluu. Nikaiona nyuma, kwenye masufuria ya biriani: wanawake wa kukodiwa, wote kwenye madera ya kitambaa changu, mikono imekunjwa na jasho linawatiririka. Mmoja wao, mtu mzima wa rangi yangu, aliitazama lesi yangu, kisha akanitazama usoni.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hii ya wapishi. Hukuambiwa?"

Rafiki yangu alikuja mbio kutoka kwenye mikeka, michoro ya piko imempanda mpaka viwikoni, amependeza mno. Akanivutia nyuma ya mlango wa jiko.

"Mama kakataa usije kabisa," akaninong'oneza. "Nlilia siku mbili. Hii ndo njia nliyoipata."

"Mbona hukunambia?"

"Ungekuja?"

Akanishika mkono, akaniomba nivumilie kidogo, atasema na mama yake watu wakishakula. Nikamwamini tena. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilimpenda.

Shangazi yake akapiga kelele: "We mwenye lesi! Peleka sharubati mbele!" Nikachukua sinia, maana kusimama bure pale kuliniaibisha zaidi. Nikafika kwenye duara la waridi. Binamu yake mmoja, mgeni kutoka Maskati, alinitazama juu chini akacheka. "Huyu naye mbona kajipamba hivi? Nani huyu?"

Nilimtazama rafiki yangu. Nilitaka neno moja tu, lile la "shoga", kwa ule mdomo wake uliokuwa hauogopi mtu. Yeye akazitazama glasi.

"Anatusaidia jikoni," akasema. "Wa Mpendae."

Wakacheka, naye akachukua glasi yake. Nikagawa sharubati mpaka sinia likaisha, nikaliweka chini, nikatoka. Tuliendelea kukaa dawati moja mpaka mtihani wa mwisho, tukaazimana rula na kalamu, na hata siku moja hatukulitaja jambo hilo. Niliona uchungu, na uchungu huo haujaisha. Wale binamu walinicheka tu kama mpishi yeyote. Yeye alinijua.

Siku ile nilirudi Mpendae kwa miguu. Mama na mjomba walikuwa barazani wananisubiri, na mjomba alikuwa keshaniandalia tabasamu lake.

"Haya," akasema. "Walikukalisha wapi?"

"Mkekani," nikasema. "Ubavuni pake. Tumekula pamoja."

Mjomba akanyanyuka, akaingia ndani. Mama alinikumbatia, akamshukuru Mungu kwa sauti. Nikamwambia nimechoka, nataka kuvua gauni nilale.

"Usilivue kwanza," akasema, naye keshavaa ndara zake. "Ngoja nkamwite jirani aje akuone."