Sahani za Arusi ya Kimisagara

Pudentienne aliuza vyombo sokoni Bujumbura tangu ujana wake, kwa hiyo alipofungua kabati la nyumba ambayo yeye na mumewe, waliporudi nchini mwao kutoka uhamishoni, waliikuta tupu mtaani Kimisagara, Agosti 1994, alizitambua mara moja: sahani nyeupe zenye ndege wa buluu, kazi ya Wachina. Zilishushwa Dar es Salaam zikaenea makabati yote, huko Bujumbura na huku Kimisagara. Hata mama yake alikuwa nazo. Hizi zilifungwa kwa magazeti, safi, hazijatumika.

Alifurahi sana, maana binti yake Raïssa alikuwa anaolewa Novemba na nyumbani hakukuwa na chombo. Akageuza moja. Chini palikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha. Ya pili ilikuwa na tone la kijani, ya tatu msalaba mweusi. Furaha ikamtoka.

Sahani zikifanana hivyo, jirani anayekuazima za arusi huzitia alama zisipotee njia ya kurudi. Na Wakatoliki hawafungi ndoa Kwaresima, husubiri Pasaka. Basi hizi zilingoja arusi ya baada ya Pasaka. Mwaka ule Pasaka ilipita, na wiki ileile mauaji ya Watutsi yakaanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, wenyeji hawakuwapo tena.

“Tumia tu,” mumewe alisema. “Wenyewe iko wapi?”

“Hilo ndilo linaniogopesha, Baba Raïssa.”

Tangu hapo, kila hodi ilimshtua. Alikuwa akitaka mwenye sahani aje, na papo hapo akimwogopa. Mwishowe akaulizia mtaa mzima, na akaja Gahongayire, mjane aliyeokoka kwa kujificha migombani. Akageuza sahani moja moja, akitaja nyumba ya kila alama. Yenye tone jekundu akaikumbatia: ilikuwa yake.

“Chukua, dada,” Pudentienne alisema. “Na wale wengine?”

Gahongayire akatikisa kichwa.

“Nilitoa ya arusi,” alisema, “na arusi haikukuwa. Mama Raïssa, watu wakulie sahani hizi kwanza, kwa arusi ya Raïssa. Kisha nitachukua yangu.”

Novemba watu walikula. Gahongayire aliziosha zote mwenyewe, akizitaja kwa majina ya wenyewe, akaondoka na yake. Pudentienne akazifunga zilizobaki kwa magazeti, akazirudisha kabatini. Hadi leo, ikipigwa hodi, huwa hamwachii mtu mwingine kufungua mlango.